Dinari 40 za Ibn Battuta

Ibn Battuta aliondoka kwao Tanja, Morocco, mwaka 1325 kwenda Hija, akiwa na miaka 21. Safari ikamfikisha Kilwa, kisha India. Huko akasikia kuwa mke aliyemwacha Damascus akiwa mjamzito amezaa mtoto wa kiume. Akapeleka dinari 40 za dhahabu. Aliporudi Damascus mwaka 1348 akaambiwa mtoto alifariki miaka 12 nyuma, na baba yake miaka 15. Mwaka 1349, akikaribia Tanja, akapata habari kuwa tauni imemchukua mama yake. Akazuru kaburi, kisha akasafiri tena. Wa kumpokea hawakuwepo.

Ndugu zetu mlioko ughaibuni, fedha mnazotuma zinafika, Allah awalipe. Lakini haki ya mzazi na mtoto haimalizwi kwa fedha. Rudini wangali hai.