Rufani ya Mzee Jomo Kenyatta

Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, alifariki dunia mjini Mombasa tarehe 22 Agosti, 1978. Wengi humkumbuka akiwa na usinga mkononi. Leo twapenda kuwakumbusha askari wenzetu wa jeshi na wa polisi miaka ile ambayo Mzee alikuwa mfungwa aliyekata rufani.

Alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, Gavana Sir Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari. Yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa kuongoza Mau Mau, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku. Kesi haikusikilizwa Nairobi, bali Kapenguria, mahali pa mbali karibu na mpaka wa Uganda, mbele ya Hakimu Ransley Thacker. Mawakili wao waliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Tarehe 8 Aprili, 1953, Mzee alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Hapo ndipo safari ya rufani ilipoanza. Mwezi wa Julai, 1953, Mahakama Kuu ya Kenya ilitengua hukumu hiyo kwa sababu moja: hakimu hakuwa ameteuliwa kihalali kusikiliza kesi katika jimbo lenye Kapenguria. Iliamriwa kesi ianze upya. Lakini Serikali nayo ilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikaamua kwamba hakimu alikuwa na mamlaka. Shauri likarudi Mahakama Kuu lipimwe kwa ushahidi wake. Januari, 1954, Achieng Oneko peke yake alifutiwa hatia, lakini hata yeye hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini. Julai mwaka huo huo, Baraza la Faragha la Malkia mjini London lilikataa kuisikiliza rufani ya waliobaki. Mlango wa mwisho ukafungwa.

Mzee alikitumikia kifungo chake Lokitaung, katika jangwa la kaskazini. Mwaka 1958, Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Kwa kiapo hicho alishtakiwa na kufungwa yeye mwenyewe. Kifungo cha Mzee kilipokwisha mwaka 1959 alizuiliwa Lodwar, na hakuwa huru mpaka Agosti, 1961. Tarehe 12 Desemba, 1963, aliiongoza Kenya kupata uhuru akiwa Waziri Mkuu.

Tunajifunza nini? Kwa kawaida mahakama ya rufani haiwaiti mashahidi upya. Husoma kumbukumbu za kesi zilizoandikwa katika mahakama ya chini. Kosa la utaratibu laweza kuonekana katika karatasi. Uongo ulioandikwa vizuri ni vigumu kuuona. Kwa hiyo askari anayekamata, anayeandika maelezo na anayemfikisha shahidi kizimbani ana dhamana kubwa kuliko anavyodhani. Akipotoka yeye, majaji watatu wenye elimu yote wanaweza kupotoka pamoja naye, na mtu akalipa kwa miaka ya maisha yake. Tulinde haki tangu hatua ya kwanza.