Leakey: Kutoka visukuku vya Rusinga hadi misitu ya sokwe

JINA la Dkt Louis Leakey huhusishwa zaidi na Bonde la Olduvai, Tanzania. Hata hivyo, ni kwenye fuo za Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, ambako mtafiti huyo alipata sababu ya kuwatuma wengine kwenye misitu ya mbali.

Leakey alizaliwa Kabete, Agosti 7, 1903, kwa wamishonari Waingereza, akakua pamoja na watoto wa Kikuyu huku akizungumza lugha yao. Baada ya masomo Cambridge alirejea Afrika Mashariki kusaka asili ya binadamu.

Homa Bay ilimpokea kwa fedheha. Mnamo 1932 alitangaza kwamba taya lililopatikana Kanam, karibu na Mlima Homa, lilikuwa la binadamu wa kale mno. Mwaka wa 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alipokuja kukagua, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa lilipotoka. Vyuma alivyochomeka ardhini kuwa alama vilikuwa vimetoweka. Inasimuliwa kwamba wenyeji walivigeuza zana za kuvulia samaki. Sifa yake Uingereza iliporomoka.

Hakuliacha ziwa. Mnamo Oktoba 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mkewe Mary aliona vipande vya fuvu vikichungulia kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la Proconsul, jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano ya Kisingiri yalikuwa yamehifadhi hapo mifupa, mbegu, matunda na hata wadudu. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu visiki vilivyogeuka mawe ulithibitisha kwamba kiumbe huyo aliishi katika msitu mnene, pale ambapo sasa jua huchoma vilima vyenye miti michache.

Mifupa haielezi tabia. Leakey aliamini kwamba ili kuelewa maisha ya viumbe hao wa kale, ilibidi kuwachunguza sokwe walio hai kabla misitu yao haijamalizwa. Julai 1960 Jane Goodall, aliyekuwa katibu wake na asiye na shahada, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Wasomi wengi walibeza uteuzi huo. Mnamo 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa.

Dian Fossey alifuata mapema 1967, akaanzia Kabara upande wa Congo. Vita vilimfukuza, na Septemba mwaka huo akafungua kambi ya Karisoke, Rwanda. Huko utafiti uligeuka mapambano: alikata mitego na kuwakabili majangili, kwa ukali ambao hata baadhi ya wahifadhi waliulaumu. Aliuawa kambini Desemba 1985.

Leakey mwenyewe hakuwa mtu asiye na doa. Wakati wa Mau Mau aliitumikia serikali ya kikoloni, akawa mkalimani katika kesi ya Kapenguria hadi alipojiondoa baada ya upande wa utetezi kumtuhumu kwa upendeleo.

Alifariki London, Oktoba 1, 1972. Hesabu ya 1981 ilionyesha gorila wapatao 250 pekee katika milima ya Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ilipata 604.