Simon Kimbangu: tribinali bila avoka, buloko miaka 30

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, Kongo-Kati, mwaka wa 1887. Mwezi wa 4, 1921, alianza kuombea wagonjwa, na watu mingi wakaacha kazi za Wabeleji wakamufuata. Serikali ya koloni ikaogopa. Mwezi wa 9 alijitoa mwenyewe mikononi mwa askari.

Alikuwa raia, lakini kesi yake ilikatwa na tribinali ya kijeshi kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Avoka wa kumutetea hakukuwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 wakamukatia fimbo 120 na kifo. Mufalme Albert I akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha.

Wakamupeleka mbali na watu wake, Elisabethville, ni kusema Lubumbashi. Alikaa mule buloko kufika alipokufa, tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri miezi michache tu. Alifungwa miaka 30.

Tangu Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri, utawala wa dharura ulipeleka kesi za raia kwa tribinali za kijeshi. Lakini artikle 61 ya Katiba iko wazi: hata wakati wa dharura, haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiondolewe kwa mutu yeyote. Kimbangu hakuwa na artikle kama ile.