Helena Rubinstein, mama aliyefanya saluni zianze kwa kuangalia ngozi

Mama akienda leo saluni kutunza uso wake, mfanyakazi anayejua kazi humuuliza kwanza: ngozi yako ni kavu, ni ya mafuta, ao ni ile inayowasha na kuwa nyekundu haraka? Miaka mia moja na zaidi iliyopita, swali hilo halikuwa la kawaida. Pomadi ilikuwa moja kwa watu wote. Kati ya walioligeuza kuwa kazi ya kulipwa, jina linalotangulia ni la Helena Rubinstein, aliyefariki mwaka wa 1965.

Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1872 huko Kraków, mji ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Jamaa yake ilikuwa ya Kiyahudi, na yenye mali kidogo. Walikuwa mabinti wanane, yeye ndiye mkubwa. Alimkataa mchumba aliyechaguliwa na wazazi, na mwaka wa 1896 akapanda meli peke yake kwenda Australia. Mjomba wake aliishi Coleraine, kijiji cha jimbo la Victoria ambako utajiri ni kondoo.

Huko ndiko alikoiona kazi yake. Wamama wa Coleraine walikuwa Wazungu waliohamia inchi ya jua kali na upepo mkavu. Nyuso zao zilibabuka, zikajaa madoadoa, mashavu yakabaki mekundu. Ngozi ya namna hiyo inapoteza maji upesi, na mishipa midogo ya damu iliyo chini yake inapanuka kwa joto, kwa upepo, hata kwa sabuni tu. Inahitaji kitu cha kuzuia maji yasitoke. Kitu hicho kilikuwa karibu: lanolini, mafuta yanayotoka katika sufu ya kondoo. Yananuka vibaya, kwa hiyo yalichanganywa na manukato. Mwaka wa 1903 Rubinstein alikuwa tayari na saluni Melbourne, akiuza krimu aliyoiita Valaze. (Lanolini inasaidia watu wengi, ingawa kuna ambao ngozi yao inaikataa na kuwashwa.)

Lakini namna alivyoiuza si ya kusifiwa yote. Matangazo yalisema Valaze imetengenezwa na daktari mkubwa wa Ulaya, Lykuski, kwa majani adimu ya milima ya Carpathia. Hadithi hiyo iliuza vizuri kuliko kusema mafuta ya kondoo. Matangazo yaliahidi pia kuondoa madoadoa na kung'arisha uso. Sisi tunaoishi katika miji ambako krimu za kujichubua zinauzwa sokoni kama chumvi, ahadi hiyo tunaijua. Nyingi za krimu hizo za leo zina dawa za kortikoidi ambazo, zikipakwa muda mrefu bila daktari, zinapunguza unene wa ngozi mpaka inakuwa nyekundu, inawaka, na haivumilii hata jua la asubuhi. Ni kusema, ngozi dhaifu wengine wanazaliwa nayo, wengine wanainunua.

Rubinstein mwenyewe hakuishia kwenye kopo. Alifungua London mwaka wa 1908, Paris 1912, New York 1915, na alisafiri kutafuta madaktari wa ngozi ili ajifunze kwao. Saluni zake ziligawa ngozi kwa aina: kavu, ya mafuta, ya kawaida. Mteja alikaa kwenye kiti, uso ukachunguzwa, kisha akapewa matunzo yake: kusafishwa, kukandwa, kupakwa krimu yake. Wafanyakazi walivaa nguo nyeupe kama za hospitali. London alimleta daktari mwanamke kutoka Vienna, Emmie List, aliyeondoa tabaka la juu la ngozi kwa wenye chunusi. Kwa uso mwekundu, kazi hiyo ingekuwa moto juu ya moto. Ndiyo maana kuchunguza kwanza kulikuwa na thamani kuliko kopo lolote. Mpaka leo wataalamu wanasema hivyo hivyo: uso wa namna hiyo haupendi mvuke wa moto wala kusuguliwa, unapenda maji ya uvuguvugu, krimu isiyo na manukato na kinga ya jua. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi, unaweza kuonekana kama weusi ao zambarau, na wengi wanachelewa kutibiwa.

Katika biashara alikuwa mkali. Mwaka wa 1928 aliuza kampuni yake ya Marekani kwa benki ya Lehman Brothers kwa zaidi ya dola milioni 7. Uchumi ulipoanguka mwaka uliofuata, akainunua tena kwa sehemu ndogo ya pesa hizo. Mpinzani wake, Elizabeth Arden, alifanya kazi mji mmoja naye kwa miaka karibu hamsini bila wawili hao kukutana. Mwaka wa 1938 sheria mpya ya Marekani iliweka vipodozi chini ya ulinzi wa serikali, na maneno makubwa juu ya makopo yakaanza kupungua.

Utajiri haukumkinga na yote. Dada yake Regina aliuawa na Wanazi. New York kwenyewe alikataliwa nyumba kwa sababu ni Myahudi. Akanunua jengo lote.

Jambo linalotugusa sisi: huyo aliyeuza krimu ya kung'arisha Wazungu alikusanya sanamu na vinyago vingi vya Afrika, tangu wakati ambapo Wazungu wachache waliviona kuwa sanaa. Rafiki yake mchongaji Jacob Epstein ndiye aliyemtia moyo. Alifariki New York tarehe 1 Aprili 1965, akiwa na miaka 92, akiwa bado anaongoza kampuni. Mwaka wa 1966 mkusanyiko huo uliuzwa kwa mnada mjini humo, na kati ya vitu vilivyogombaniwa ilikuwamo sanamu ya mwanamke ya Wabangwa wa Kamerun.