Livingstone na mto aliouona kichwani

Kabla ya kuufikia mto Lualaba, David Livingstone alikwisha kuamini unakoelekea. Kichwani mwake ulikuwa Nile.

Mskochi huyo alizaliwa Blantyre tarehe 19 Machi 1813, akaanza kazi kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akasomea udaktari na kufika Afrika mwaka 1841. Safari yake ya mwisho, ya kutafuta chanzo cha Nile, aliianza mwaka 1866.

Septemba 1869 aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, jirani na Lusangi na Kasongo. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza kibandani humo kwa takriban siku 80. Hapo ndipo picha ilipokolea. Herodotus, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 nyuma, alitaja chemchemi katikati ya vilima viwili, nusu ya maji yakienda kaskazini na nusu kusini. Wasafiri nao walimsimulia mgonjwa habari za chemchemi za upande wa Katanga. Livingstone akaunganisha masimulizi hayo, akazipangia chemchemi majina ya rafiki zake na ya wakubwa wa kwao. Hakuziona hata siku moja.

Hakuwa mjinga. Alipima kimo cha nchi kwa vyombo vyake, na mara nyingine hofu ilimjia kwamba huenda anaufuata mto Kongo. Picha ikashinda.

Miaka saba baada ya kifo chake, mwaka 1880, Mwingereza Francis Galton aliwauliza watu wakumbuke meza ya kifungua kinywa. Wengine waliiona wazi kama iko mbele yao; wengine, wakiwemo wanasayansi, hawakuona kitu. Livingstone angejibu nini? Kwa kumkisia tu, angekuwa miongoni mwa wale wa kwanza.

Yaliyompata Nyangwe hayakuwa ya kukisia. Alifika Machi 1871, akakosa mitumbwi ya kuteremkia mtoni. Tarehe 15 Julai, watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na maji. Aliyaona kwa macho yake. Akaacha mto, akarudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Habari za mauaji hayo zilichangia shinikizo la kufungwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Yeye alifariki mwaka huohuo, mwanzoni mwa Mei, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, bado akizitafuta chemchemi. Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakaubeba mwili hadi pwani. Mwaka 1877 Stanley aliuteremka Lualaba hadi Boma: ulikuwa Kongo.

Karatasi zilipomwishia Maniema, Livingstone aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa zingifuri. Wino ulififia hata haukusomeka. Kufikia mwaka 2011 watafiti walikuwa wameyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, na maandishi ya Nyangwe yakaonekana tena.