Daktari wa Halab na Mbegu za Khella

Bila shaka darasani kwenu yupo mwenzenu anayetembea na pampu ya pumu mfukoni. Safari hii tunakuletea maisha ya daktari aliyejitia pumu kwa makusudi, mamia ya mara, ili watu kama mwenzenu huyo wapate dawa.

Roger Altounyan alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Shamu. Ukoo wa baba yake walikuwa Waarmenia, mama yake Mwingereza. Babu yake alianzisha hospitali mashuhuri mjini Halab, na baba yake naye akawa daktari humo. Wapenzi wa vitabu huenda wanamjua bila kujua: mwandishi Arthur Ransome alimchukua yeye na dada zake akawafanya wahusika wa hadithi yake ya watoto iliyotoka mwaka 1930. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani na mwalimu wa marubani. Kisha akasomea udaktari, akarudi Halab kutibu katika hospitali ya ukoo, hadi mwaka 1956 alipolazimika kuondoka kwenda Uingereza. Huko akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Bengers.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe. Khella huota Misri na nchi jirani. Vijiti vya maua yake vikikauka watu huchokonolea meno, na mbegu zake Wamisri walizichemsha tangu zamani kutibu mawe ya figo. Ndani yake mna kitu kiitwacho khelini, kinacholegeza misuli ya mirija ya mwili, ikiwemo ya mapafu. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Cairo waliijaribu kwa wagonjwa wa moyo na wa pumu. Ilisaidia, lakini ilileta kichefuchefu kibaya.

Wanakemia wa Bengers wakawa wanabadilisha umbo la khelini kidogo kidogo, wakitafuta iliyo bora. Wanyama wa maabara hawakuonyesha faida yoyote ya maana, na wakubwa wa kampuni wakaanza kukata tamaa. Altounyan, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, aliona kwamba pumu ya mnyama si pumu ya binadamu. Basi akajifanya yeye ndiye mnyama wa maabara.

Alijua kwamba manyoya ya simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, humwamshia pumu. Aliyaloweka, akavuta mvuke wa maji yake mpaka kifua kikabana, kisha akapima nguvu ya pumzi yake kwa chombo. Siku nyingine alianza kwa kuvuta dawa mpya, ndipo akavuta manyoya, akalinganisha. Alifanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, kwa takriban miaka minane, mara nyingi katika saa zake za mapumziko. (Wanafunzi, msithubutu! Yeye alikuwa daktari, na hata hivyo ilikuwa hatari.)

Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati. Ajabu yake ni kwamba haikulegeza misuli kama khelini. Ilizuia chembe za mwili zisimwage vitu vinavyoamsha pumu, kwa hiyo ilimfaa aliyeitumia kabla. Shambulio likishaanza haikusaidia kitu. Tena ikimezwa hainyonywi vizuri tumboni, lazima ifike kifuani kama unga. Hapo urubani wake ukamfaa: akabuni kifaa chenye panga dogo kama la ndege, linalozunguka mgonjwa avutapo pumzi na kuutawanya unga.

Dawa iliingia sokoni mwaka 1968 kwa jina la Intal, na watoto wengi wakaweza tena kukimbia na wenzao. Leo pampu za steroidi zimechukua nafasi yake kwa pumu, ingawa kromoglikati bado hutiwa machoni kwa wenye mzio.

Altounyan alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 65. Pumu yake mwenyewe haikupona.