Al-Biruni na Bahari Iliyogeuka Nchi Kavu

Mtu achimbaye kisima jangwani hutafuta maji, wala hatazamii kukuta makombe ya baharini. Hata hivyo makombe hayo yamekutwa mara nyingi mbali na pwani, na watu wengi waliyatazama kwa mshangao kisha wakayatupa. Miongoni mwa wachache walioyazingatia na kuyatolea hoja ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, mwanachuoni ambaye jina lake linajulikana hata leo Mashariki na Magharibi.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 973, sawa na 362 Hijria, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Uzbekistan. Alifundishwa hesabu na elimu ya nyota na Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa kifalme. Tangu ujana wake alipenda kupima mambo kwa mkono wake mwenyewe kuliko kutosheka na masimulizi. Lakini mwaka 995 vita viliwaangusha watawala waliomlea, naye akalazimika kuikimbia nchi yake. Baadaye alirudi na kupata cheo katika baraza la mtawala mpya. Amani hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na Al-Biruni, akiwa na umri wa miaka 44, akachukuliwa hadi Ghazna, mji ulio katika Afghanistan ya leo.

Msiba huo haukumvunja moyo. Mwaka 1018 alikuwa kijijini karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia. Alichora tao lenye vipimo nyuma ya ubao wa kuhesabia, akaning'iniza timazi, na kwa njia hiyo akapima urefu wa jua angani. Mtu aliyenyang'anywa makao yake hakukubali kunyang'anywa kazi yake.

Mwaka 1025 alimaliza kitabu juu ya kupima mahali pa miji, ambacho miongoni mwa makusudi yake yalikuwa kujua barabara upande wa kibla kutoka Ghazna. Ndani ya kitabu hicho alieleza jinsi nchi kavu na bahari zinavyobadilishana mahali. Alitoa mfano wa jangwa la Uarabuni, akasema kwamba hapo zamani lilikuwa bahari. Ushahidi wake ulikuwa visima na mabirika: wachimbaji walikuta tabaka za udongo, mchanga na kokoto, na ndani yake makombe, kauri na vitu vilivyoitwa masikio ya samaki. Aliona alama za namna hiyo pia katika mchanga ulio kati ya Gurgan na Khwarazm. Akatambua kwamba mageuzi hayo yalihitaji zama ndefu mno, ambazo kumbukumbu za wanadamu hazikuzifikia.

Kisha alisafiri India, akajifunza Kisanskrit, na kitabu chake juu ya nchi hiyo kilikamilika mwaka 1030. Huko aliona jambo jingine. Karibu na milima, ambako mito huenda kwa nguvu, mawe ni makubwa na ya mviringo. Mbali zaidi, maji yanapopungua kasi, mawe ni madogo. Na karibu na bahari hubaki mchanga tu. Akahukumu kwamba nyanda za India zilikuwa bahari iliyojazwa kidogo kidogo na udongo wa mito.

Hapo ndipo thamani ya hoja yake ilipo: sura ya tabaka hutujulisha mahali lilipotulia. Mwaka 1838 Amanz Gressly wa Uswisi aliichunguza kanuni hiyo katika mawe ya milima ya Jura, akaonyesha kuwa tabaka moja huwa na sura mbalimbali kwa kadiri ya mazingira ya bahari iliyoliweka.

Na Uarabuni yenyewe imetoa ushahidi mkubwa kuliko ule wa visima. Milima ya Tuwaiq, karibu na Riyadh, ni mawe ya chokaa yenye matumbawe, yaliyofanyika baharini yapata miaka milioni 160 iliyopita. Bahari ilipopanda juu ya nchi tambarare, mabaki ya viumbe vyake yalitulia yakawa tope la chokaa, na hatimaye mwamba. Ilipopungua, jua lilikausha maji yaliyobaki, yakaacha jasi. Mashariki ya Saudia, chini ya ardhi, chokaa na jasi zimepangana hivyo mara nne, tabaka juu ya tabaka, kana kwamba bahari imeandika kuja kwake na kuondoka kwake. Katika chokaa ya chini ya tabaka hizo nne yamo mafuta mengi ya Ghawar, yaliyogunduliwa mwaka 1948, na mawe ya jasi yaliyo juu yake yameyazuia yasipotee.

Al-Biruni alifariki Ghazna karibu na mwaka 1048. Imesimuliwa kwamba rafiki yake, mwanasheria, alimzuru akiwa katika pumzi za mwisho, naye akamwuliza swali la mirathi. Rafiki alimwonea huruma, akasita kulijibu wakati kama ule. Mgonjwa alimweleza kuwa ni afadhali kuiaga dunia akiijua mas'ala hiyo kuliko kuiaga hali ya kuwa mjinga wake. Basi akafundishwa, akairudia mpaka akaihifadhi. Rafiki alipotoka, kabla hajafika mbali, alisikia kilio nyumbani.

Ndugu msomaji, wengi huogopa kuuliza kwa kuhofu kwamba ukweli utawavunjia jambo walilorithi. Mtu huyu alipoteza mji, cheo na vyombo vyake, lakini hakuacha kuuliza. Na kombe dogo ambalo wengine walilitupa, yeye aliliokota akalifanya shahidi.